Senti ya 1799 kwenye kopo la biskuti

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Naishi Pennsylvania, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Philadelphia, na kazi yangu ni kulea wazee majumbani mwao. Mzee mmoja niliyemhudumia kwa muda mrefu alifariki kabla ya Krismasi. Siku ya kufungasha vitu vyake, binti yake mkubwa alinipa kopo la biskuti lililojaa sarafu za zamani. Akaniambia, "Chukua wewe, ndiye uliyekuwa ukimsikiliza akizielezea. Sisi hatuna kazi nazo." Na kweli nilikuwa namsikiliza. Alikuwa akizimwaga juu ya blanketi anazipanga kwa miaka huku mimi nikimkata kucha za miguu.

Nyingi ni senti za shaba, kubwa kuliko robo dola ya leo, zina kichwa cha mwanamke na neno LIBERTY. Karibu zote ni za miaka ya 1840 na 1850. Zipo chache ndogo zilizoandikwa HALF CENT, moja ni ya 1804 na mwanamke wake ana kitu kama mwiba kidevuni. Halafu kuna vifedha vidogo mno vilivyoandikwa HALF DIME, vingine vimetobolewa tundu, kimoja cha 1853 kina mishale miwili kando ya mwaka.

Na kuna moja nyeusi, chakavu, mwaka wake unasomeka kwa taabu: 1799. Mzee alikuwa ameifunga peke yake kwenye karatasi.

Sasa Mjomba, baba watoto kwa nia njema kabisa alichukua kumi na kitu akazisugua kwa limau na majivu ya jiko la nyama choma, kama walivyokuwa wakisugua sinia kwao Tanga. Zinang'aa hizo! Ile ya 1799 nilimnyang'anya mkononi. Baadaye akampelekea picha jamaa mwenye duka la kununua dhahabu na fedha hapa mjini, naye anatoa dola 300 kwa kopo zima, ila anataka jibu kabla ya Jumamosi. Baba watoto anasema tuchukue, ada ya mdogo wake nyumbani inasubiri. Mimi moyo umegoma. Nimesikia 1799 ni adimu. Ikiwa ni ya thamani kweli, je, ni yangu? Nimwambie yule dada? Nikimwambia si ataidai? Na kampuni yangu ina masharti makali kuhusu zawadi za wateja.

La mwisho, unisamehe kwa kuuliza: mtu mwenye akili zake anawezaje kutoa maelfu ya dola kwa senti moja?

Mlezi wa wazee, Pennsylvania


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee wako.

Tuanze na la Jumamosi, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Hakuna haraka yoyote. Kopo hilo limekaa miaka, litakaa na mwezi mwingine. Mwenye duka la dhahabu huwa ananunua kwa uzito wa madini, na shaba kwa uzito haina pesa ya maana. Ukiona mtu wa namna hiyo anatoa dola 300 kwa kopo la shaba, ujue kuna kitu amekiona kwenye picha. Huenda ni vile vifedha. Huenda ni 1799. Vyovyote iwavyo, yeye anajua anachonunua na wewe bado hujui unachouza.

Sasa hiyo 1799 yenyewe. Vitabu vya kiwanda cha sarafu cha Philadelphia vinaonyesha kwamba mwaka huo zilitoka senti zaidi ya 900,000. Ukisikia hivyo utadhani zimezagaa. Lakini siku zile muhuri wa chuma wa kugongea sarafu ulikuwa kitu cha gharama, haukutupwa eti kwa sababu mwaka umekwisha. Wajuzi wanaamini kwamba sehemu kubwa ya senti hizo ziligongwa kwa mihuri iliyobaki ya 1798, na zilizobeba 1799 yenyewe zikawa chache. Tena zilitoka kwenye shaba mbovu. Ndiyo maana zinazoonekana leo karibu zote ni nyeusi, zimesuguka, zina vishimo. Kwa hiyo uchakavu wa yako usikukatishe tamaa. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama ungeniambia ni nzuri.

Wasiwasi nilionao ni mwingine. Senti ya 1798 ni ya kawaida, na kutoka 8 ya mwisho kwenda 9 ni safari fupi kwa mtu mwenye kisu kikali na subira. Mchezo huo umechezwa tangu karne ya 19, watu walipoanza kukusanya senti hizi kwa miaka. Mizani haitakusaidia hapo, kwa kuwa senti ya 1798 nayo ni halali na ina uzito uleule. Kinachosaidia ni lenzi ya kukuza mara kumi, ile wanayotumia masonara. Shika sarafu kwa ukingo wake, usiguse uso. Weka taa pembeni, mwanga uje kwa ubavu. Kisha linganisha zile 9 mbili. Zilipigwa kwenye muhuri kwa chombo kimoja, kwa hiyo umbo lao linapaswa kufanana: ukubwa wa kichwa cha tarakimu, unene wa mkia, unavyopinda. Kama 9 ya mwisho ni nyembamba, imekaa kienyeji, au eneo linaloizunguka limekwaruzwa na kuzama kuliko kwingine, basi kuna mkono uliopita pale.

Ila nikuonye. Usione mabaki ya 8 chini ya 9 ukakimbilia kusema ni feki. Senti halali za 1799 zipo za aina mbili, na moja kati ya hizo kiwanda chenyewe kilichukua muhuri uliokuwa na 8 kikapiga 9 juu yake. Mabaki ya 8 yanaweza kuwa habari mbaya, yanaweza kuwa habari njema sana, na mimi na wewe hatutaweza kutofautisha jikoni. Hapo ndipo mtaalamu anapolipwa.

Kuna aina ya tatu ya balaa, nakala za kisasa zinazouzwa kwa wingi mtandaoni. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala ya sarafu iandikwe COPY, na wanaotengeneza hizi hawana habari nayo. Kwa hizo, mizani inafanya kazi. Tangu mwisho wa 1795 senti ilipaswa kuwa na uzito wa gramu 10.89, upana wa milimita 28 au 29 hivi. Iliyochakaa itapungua kidogo. Ikishikwa na sumaku, umemaliza, hiyo ni chuma iliyopakwa shaba. Lakini kwa kuwa mzee alikuwa mjuzi na aliifunga peke yake, sidhani kama yako ni ya kundi hili. Alikuwa na sababu ya kuitenga: ama alijua ni halali, ama alijua ni ya kughushi akataka isichanganyike na nyingine. Je, hakuwahi kukuambia? Kumbuka vizuri. Angalia pia kama karatasi aliyoifungia ina maandishi, hata namba tu, na usiitupe.

Namba hizo zina maana. Mwaka 1949 daktari mmoja, William Sheldon, alitoa kitabu kilichoorodhesha senti za kuanzia 1793 hadi 1814 kwa muhuri mmojammoja, na mpaka leo wakusanyaji wanazitaja kwa herufi S na namba yake. Zenye mwaka 1799 ni S-188, ambayo 9 imepigwa juu ya 8, na S-189. Ukikuta moja ya hizo kwenye karatasi ya mzee, nitafurahi. Huyohuyo Sheldon ndiye aliyeleta kipimo cha daraja za sarafu, yaani imechakaa kiasi gani, kutoka 1 hadi 70, ambacho sasa kinatumika kwa sarafu za kila namna.

Na huyohuyo, baada ya kufa kwake 1977, ikaja kubainika kwamba alikuwa akiingia kwenye hazina ya American Numismatic Society ya New York, chama cha wasomi wa sarafu, anachukua senti nzuri zilizotolewa zawadi na mkusanyaji mwingine, anaweka za kwake mbovu za aina ileile mahali pake. Nyingine alikuwa ameshaziuza kwa watu waliozinunua kwa moyo mweupe. Ilichukua miaka na mahakama kuzirudisha baadhi. Nakusimulia hili kwa sababu watu wa senti za kale wameumwa na nyoka. Ukiwapelekea kitu kikubwa, swali la kwanza ni kama ni halali, na la pili ni kilitoka kwa nani kikafika kwako vipi. Wewe lazima uwe na jibu la karatasi.

Hapo ndipo tunafika kwa yule dada.

Mimi si wakili. Lakini ninavyojua utaratibu wa huko, mtu akifa mali yake inapita kwanza mikononi mwa msimamizi wa mirathi. Kuwa mtoto mkubwa hakumpi mtu ruhusa ya kugawa vitu vya marehemu. Kwa hiyo binti anaweza kukupa kwa moyo safi kabisa kitu ambacho hakikuwa chake peke yake kukitoa. Siku moja kaka yake anauliza, "Zile sarafu za baba ziko wapi?" na mlezi mgeni kutoka Afrika ndiye anayetafutwa. Usidhani neno la mdomo litakukinga. Katika kazi yenu tuhuma peke yake inatosha kumwondoa mtu.

Mwandikie ujumbe, usimpigie simu. Mwambie kwamba kwenye kopo alilokupa ipo senti moja ambayo huenda ina thamani kubwa, hujaiuza, na kabla hujaipeleka kupimwa unataka familia ijue. Muulize kama yeye ndiye msimamizi wa mirathi na kama ndugu zake wanajua. Omba mistari miwili mitatu kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi, kwamba sarafu umepewa zawadi na familia. Msimamizi wako kazini naye umweleze, ukiwa na barua hiyo mkononi. Kampuni ikisema huruhusiwi kupokea, utalirudisha kopo na utabaki na kazi yako. Itauma, sikatai.

Unauliza, akiidai? Anaweza kuidai. Ikiwa ataidai, mpe. Najua baba watoto hatapenda kusikia, na ada ya shemeji yako ni jambo la kweli. Lakini fikiria njia ya pili: unauza kimyakimya kwa mtu wa dhahabu, miezi miwili baadaye inatokea kwenye mnada na picha yake, na mzee alikuwa na marafiki wa sarafu waliowahi kuishika. Senti hizi zinatambulikana kwa alama zake, mkwaruzo mmoja shavuni unatosha. Sioni ukitoka salama hapo. Watu wengi nao wakielezwa ukweli mapema huwa waungwana kuliko tunavyowadhania, ingawa hilo siwezi kukuahidi.

Barua ikipatikana, ipeleke senti kwa kampuni inayopima uhalali na daraja. NGC, PCGS na ANACS ndizo zinazoaminika. Utalipa ada ya kupima pamoja na bima ya posta, na usitume bila bima. Wakirudisha wakisema ni 1799 halali, basi hata ikiwa imechakaa namna hiyo tunazungumzia maelfu ya dola. Hapo usiuze dukani. Tafuta nyumba ya mnada inayojua senti za mwanzo, au mwanachama wa Early American Coppers, chama kilichoanzishwa 1967 na watu wasiozungumza kitu kingine zaidi ya shaba hizi. Baltimore, ambako si mbali na ulipo, huwa na maonyesho makubwa ya sarafu na utawakuta meza kwa meza. Kodi ya faida unayopata ukiuza vitu vya kukusanya ina viwango vyake, muone mtu wa kodi kabla hujatuma fedha nyumbani.

Kuhusu limau na majivu. Mwambie baba watoto aache leo. Kusafisha sinia ni jambo jema, sinia ni ya kupakulia. Senti ya shaba ina ngozi yake ya kahawia iliyojijenga kwa miaka mia na zaidi, na hiyo ngozi ndiyo wanayoilipia. Tindikali ya limau inaila, majivu yanakwaruza, inabaki rangi ya waridi ya bomba jipya la maji, na hakuna dawa ya kuirudisha. Wapimaji wataiandika kwamba imesafishwa, na bei yake mara nyingi inashuka kwa nusu au zaidi. Zile zilizokwisha kusuguliwa zisuuzeni kwa maji safi, zikaushwe vizuri, basi. Msizipake mafuta ya kula wala rangi ya viatu, ambayo nimewahi kuona. Nyingine weka kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, mahali pakavu. Ile mifuko laini ya plastiki ya PVC ikae mbali, inatoa majimaji ya kijani yanayoila shaba.

Hasara haikuwa kubwa, kama alizosugua ni za 1840 na 1850. Hizo zilitoka kwa mamilioni na nyingi zilizochakaa zinauzwa dola ishirini, thelathini moja. Nusu senti ya 1804 nayo isikupandishe presha. Kuna mtego hapo: senti nzima ya 1804 ni adimu sana, mpaka kuna watu waliochukua mihuri mikuukuu iliyotupwa wakajigongea yao miaka ya 1860 hivi, lakini nusu senti ya mwaka huohuo ni ya kawaida. Huo mwiba kidevuni ni jeraha la muhuri. Inaonekana kipande cha chuma kiliangukia muhuri, ukapata alama, wakaendelea kugonga hivyohivyo, na Bi Liberty akazaliwa na mwiba kidevuni na ncha ya ulimi nje. Ni sarafu ya kupendeza, ningeiweka. Mishale ya 1853 iliwekwa kuonyesha kwamba uzito wa fedha umepunguzwa mwaka ule. Zilizotobolewa zilivaliwa kama mapambo na hazina bei kubwa, wape mabinti.

Sasa lile swali lako la mwisho, ambalo umeliomba radhi bila sababu.

Sheria iliyoanzisha kiwanda cha Philadelphia ilipitishwa Aprili 2, 1792. Wakati huo mkononi mwa Mmarekani wa kawaida kulikuwa na fedha za Kihispania, na reali moja ilihesabiwa senti 12 na nusu. Sasa hiyo nusu utairudisha chenji kwa nini? Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa wakati huo, alikuwa na hoja nyingine tena: maskini akiwa na sarafu ndogo kabisa ataweza kununua kidogo anachokihitaji kwa bei ya haki, asilazimike kununua kingi. Yeyote aliyewahi kununua mafuta ya kupimiwa kwa kibaba dukani Mbagala anaelewa hoja hiyo bila kuelezwa. Ndipo ikaja nusu senti, iliyogongwa, kwa kurukaruka miaka, kuanzia 1793 hadi 1857.

Vifedha vya senti tano, hizo HALF DIME zako, vilitangulia hata kiwanda. Julai 1792 jengo halijawa tayari, vipande vipatavyo 1,500 viligongwa kwenye chumba cha chini cha fundi misumeno aliyeitwa John Harper. Thomas Jefferson, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, aliandika kwenye daftari lake kwamba amevipokea. Vinavyoonekana leo vina bei ya nyumba. Kisha Machi 1793 zikatoka senti za kwanza, 36,103, zenye mwanamke wa Uhuru upande mmoja na mnyororo wa pete 15 upande wa pili, eti umoja wa majimbo. Magazeti yakauliza ni uhuru gani huu wenye mnyororo. Katika nchi iliyokuwa na watumwa wakati huo, mimi naona swali lilikuwa zuri kuliko walivyokusudia. Mnyororo ukaondolewa baada ya wiki chache, likaja shada la majani. Mwaka uleule homa ya manjano ikaingia Philadelphia, ikamuua Joseph Wright aliyechora sura iliyofuata.

Mihuri yote hiyo ilichongwa na kukamilishwa kwa mkono, na hakuna miwili inayofanana. Kuna senti ya 1794 ambayo ukingoni mwake, upande wa nyuma, mtu alipiga nyota 94 ndogo mno, kati ya meno ya ukingo, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Kuna ya 1796 iliyoandikwa LIHERTY. Wengine hununua magari. Watu hawa hutafuta nyota ambazo fundi mmoja alizipiga mchana mmoja, na mzee wako alikuwa mmoja wao.

Fanya hivi wiki hii: ujumbe kwa yule dada, senti kwenye bahasha ya karatasi, na uniandikie uzito wake pamoja na picha ya mwaka iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Mwenye duka akipiga simu Jumamosi, mwambie kopo haliuzwi.